Babu aliposema basi

Daftari la mawasiliano la shule lina jalada jekundu. Linakwenda na kurudi kwenye begi la mwanangu kila siku, na jioni moja ya Februari nilikuta mwalimu ameandika: leo tena amezungumzia mabasi wakati wa chakula cha mchana, inaonekana anayapenda sana. Jana yake iliandikwa hivyo hivyo. Juzi yake pia. Nilikuwa jikoni, sare ya kazi nimeshavaa, nasubiri muda wa zamu ya usiku. Kwanza nilifurahi, maana mtoto aliyefika miaka mitano na nusu hana hata maneno ishirini, ukiambiwa kazungumzia kitu chochote hiyo ni habari ya kupigia simu nyumbani. Halafu nikavuta kiti nikakaa. Mtoto huyu hapendi mabasi. Akipanda basi huziba masikio mpaka tushuke.

Alikuwa anasema "basi". Basi yetu, ya imetosha, ya niacheni. Akichoka kuogeshwa husema basi, televisheni ikiwa juu husema basi. Ukumbi wa chakula wa shule ile una watoto zaidi ya mia, viti vinaburuzwa sakafuni, sahani zinagongana, na yeye yuko katikati anawaambia watu wazima, kwa neno moja alilonalo, kwamba imetosha. Nao wakasikia "bus". Siku iliyofuata walimletea gari la kuchezea ili kumfurahisha. Basi la ghorofa, jekundu.

Tunaishi katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza. Mimi kwetu Tanga, baba watoto kwao Lindi. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, yeye anaendesha lori la kusambaza vyakula. Ndio sisi mnaotuita wabeba boksi, na sina ugomvi na jina hilo. Mtoto nitamwita Babu, kama tunavyomwita nyumbani, kwa kuwa alipewa jina la babu yake mzaa baba. Kwetu hakuna anayeshangaa mtoto wa miaka mitano kuitwa Babu. Waingereza ilibidi niwaeleze. Na haya ni masimulizi ya jinsi Babu alivyopata mpango wa kisheria wa kusaidiwa shuleni.

Kabla ya Februari ile hali haikuwa mbaya. Darasani mwake alikuwepo msaidizi wa mwalimu, mama wa makamo, mpole, ambaye bila kuagizwa na mtu alikuwa akimtoa Babu dakika chache kabla ya kengele na kwenda kula naye kwenye kona ya maktaba. Alimchapishia kadi za picha kwa printa yake ya nyumbani: maji, choo, nyumbani, imetosha. Siku moja getini aliniuliza, hivi "basi" ni nini kwenu? Nikamwambia. Akacheka, akasema nilijua si gari. Desemba akaacha kazi, mume wake alikuwa amepata kazi mji mwingine. Januari kadi za picha hazikuonekana tena, kona ya maktaba ikasahaulika, na Babu akarudishwa ukumbini pamoja na wenzake wote.

Nilikwenda kuuliza. Shuleni hawakuwa wakali, walinipa chai kabisa. Mwalimu anayeratibu watoto wenye mahitaji maalumu, hapa wanamwita senko, aliniambia kwa masikitiko ya kweli kwamba yale mambo yote ilikuwa ni yeye tu. Hayakuandikwa popote. Jina la Babu limo kwenye orodha ya wanaopewa msaada wa shule, na lipo karatasi la ukurasa mmoja lenye malengo yake, lakini nani afanye nini na lini, hakuna.

Ilikuwa ni yeye tu. Nilirudi nayo nyumbani hiyo sentensi, nikalala nayo, nikaamka nayo. Mwanangu alikuwa amesoma muhula mzima kwa hisani ya mtu mmoja, na mtu akihama anahama na hisani yake.

Hapa nikiri kosa langu moja, kwa sababu najua wapo wanaolifanya leo. Tangu chekechea tuliambiwa kwamba Babu hasemi kwa sababu nyumbani kuna lugha mbili, tungoje, atachanganua. Mtu mmoja alitushauri tuache Kiswahili kabisa. Tukaacha. Karibu mwaka mzima nilikuwa nazungumza na mwanangu Kiingereza changu cha kazini, kile cha "are you comfortable, my love", nyimbo nikaacha, vitendawili nikaacha, bibi yake akipiga simu namwambia, mama, sema naye Kiingereza. Bibi mwenyewe Kiingereza chake kinaishia good morning. Baadaye mtaalamu wa usemi na lugha alinitazama kwa huruma, akasema lugha mbili hazileti tatizo hili. Ongea naye lugha unayoiota. Na sheria yao inasema wazi kwamba mtoto hahesabiwi kuwa na shida ya kujifunza kwa sababu tu lugha ya nyumbani ni tofauti na ya darasani. Kifungu kile kiliwekwa kulinda watoto wetu wasisukumwe kwenye mahitaji maalumu bure. Kwetu sisi lugha ikatumika kinyume chake: mtoto mwenye shida halisi akawekwa kando mwaka mzima, shida ikapewa jina la Kiswahili.

Habari ya mpango wenyewe nilipewa getini na mama mmoja Msomali mwenye watoto wawili wenye usonji. Aliniona macho mekundu. Akasema, dada, usiwaulize kama wanaona anastahili. Andika mwenyewe. Nikamuuliza niandike nini, kwa nani? Akanitumia ukurasa wa kifungu cha 36 cha Sheria ya Watoto na Familia kwenye simu, huku anamfunga mwanawe kamba za viatu.

Mpango huo kwa kifupi unaitwa EHCP, yaani mpango wa elimu, afya na huduma. Ni waraka wa kisheria wa England. Wales na Scotland wana wa kwao, kwa majina mengine na masharti mengine. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1978 kamati iliyoongozwa na Mary Warnock ilitoa ripoti iliyobadilisha jinsi nchi hii inavyowatazama watoto wa aina hii, na sheria ya elimu ya 1981 ikaleta hati iliyoitwa "statement". Sheria ya Watoto na Familia ya 2014 ikaiondoa hati ile na kuleta EHCP, ambayo inaweza kumfuata mtu mpaka afike miaka 25. Kufikia Januari 2025 watoto na vijana zaidi ya 638,000 wa England walikuwa nao. Nilipousikia mara ya kwanza nilidhani ni jambo la wachache sana, la watoto wa viti vya magurudumu na wazazi wenye mawakili.

Mambo mawili aliyoniambia yule dada sikuyaamini mpaka nilipoyasoma mwenyewe. La kwanza, mzazi anaweza kuiandikia halmashauri moja kwa moja kuomba mtoto apimwe mahitaji yake, shule ikubali isikubali. La pili, si lazima mtoto awe na jina la ugonjwa kutoka kwa daktari. Sisi tulikuwa kwenye foleni ya kupimwa usonji, foleni isiyosogea, na kila mtu alituambia tusubiri kwanza jibu la daktari. Sheria haisemi hivyo. Inataka vitu viwili tu: kwamba mtoto ana mahitaji maalumu ya kielimu au huenda anayo, na kwamba huenda ikalazimu apewe msaada kwa njia ya mpango. Huenda, mara mbili. Yale "may" mawili ya Kiingereza niliyachora duara kwa kalamu nyekundu.

Baba Babu hakutaka. Hakuwa na shaka na mtoto, shaka yake ilikuwa viza. Viza yetu wakati ule ilikuwa na lile sharti la kutogusa fedha za umma, na yeye alikuwa ameshaona watu wakipata matatizo kwa fomu walizojaza bila kuelewa. Alisema, Mama Babu, tusije tukajipeleka wenyewe. Tulibishana siku tatu. Nikapiga simu kwenye huduma ya ushauri wa bure kwa wazazi, ambayo kila halmashauri inatakiwa kuwa nayo, nao wakatueleza taratibu: fedha za umma zinazotajwa kwenye viza zimeorodheshwa, na elimu ya mtoto haimo katika orodha. Msaada wa kielimu ulio ndani ya mpango ni elimu. Posho ya ulemavu ya mtoto, ile DLA, hiyo imo, na hatukuigusa. Naandika haya kwa kirefu kwa sababu najua familia ambazo zimeogopa mpaka mtoto amemaliza shule ya msingi.

Basi nikaandika. Barua ya ukurasa mmoja na nusu, nikaituma Februari kwa barua pepe, na tarehe nikaiandika kwenye kalenda ya ukutani.

Halmashauri ina wiki sita za kujibu kama itampima mtoto au la. Ikajibu siku ya mwisho, na jibu likawa hapana. Barua ilikuwa na adabu nyingi. Ilisema Babu anaendelea vizuri ukilinganisha na alipoanzia. Ilisema pia shule haijaonyesha kwamba imetumia fungu lake lote. Shule hapa zinategemewa kubeba pauni 6,000 za mwanzo za msaada wa ziada kwa mtoto kabla halmashauri haijaongeza, na wazazi wengi wanaambiwa mlango haufunguki mpaka hesabu hiyo ionekane. Nilirudia kifungu cha 36 mstari kwa mstari nikitafuta hizo pauni 6,000. Hazimo.

Sikulala siku ile, na sababu haikuwa zamu. Sisi hatukulelewa kubishana na serikali. Ukipewa barua yenye nembo unaikunja, unaiweka chini ya godoro, unasema Mungu atafungua njia nyingine. Bi mkubwa wa Lindi alishauri Babu anyweshwe kombe, na tulimnywesha, sioni haya kusema. Lakini chini kabisa ya barua ile, kwa maandishi madogo kuliko mengine, waliandika kwamba nina haki ya kukata rufaa kwenye baraza maalumu ndani ya miezi miwili, na kwamba kwanza niwasiliane na msuluhishi anipe cheti. Mtu anaweza kuchukua cheti tu akaendelea na safari ya rufaa. Mimi nikachagua kukaa nao.

Kikao cha usuluhishi kilifanyika kwenye kompyuta, saa nne asubuhi, nimetoka zamu saa moja. Msuluhishi, afisa wa halmashauri, senko, mimi na baba Babu aliyeegesha lori pembeni ya barabara akaingia kwa simu. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Sikuitoa. Nilifungua daftari jekundu nikasoma siku tatu za mabasi, kisha nikaeleza maana ya neno. Kukawa kimya. Senko, ambaye mpaka leo namheshimu kwa hili, akasema mbele ya afisa: sisi kama shule hatumwelewi mtoto huyu na hatuna mtu wa kutufundisha kumwelewa. Wiki mbili baadaye halmashauri ikakubali kumpima.

Upimaji ni watu kuja na kuandika. Mwanasaikolojia wa elimu alikaa darasani asubuhi nzima. Mtaalamu wa usemi alikuja mara mbili. Shule ikaandika yake, afya yao, na mimi nikaombwa niandike sehemu ya kwanza ya mpango, Sehemu A, inayobeba maoni ya mzazi na ya mtoto. Rasimu yangu ya kwanza ilianza na shukrani kwa kila mtu, ikaendelea na kuomba radhi kwa usumbufu. Yule dada Msomali akaisoma akanirudishia. Dada, mbona umeandika kama unaomba sadaka? Nikaandika upya. Nikaeleza mtoto anaamka saa ngapi, anakula nini, anaogopa nini (mashine za kukaushia mikono chooni, kwa mfano, ambazo zilimfanya abane mkojo mpaka saa tisa), anacheka nini. Nikaandika maneno yake yote kumi na saba na maana zake. "Basi" nikaliweka la kwanza.

Halafu ikaja rasimu ya mpango. Kurasa kumi na tisa. Niliipokea Ijumaa na nilikuwa na siku 15 za kutoa maoni. Niliisoma haraka nikafurahi, ilikuwa imejaa maneno mazuri, mwanangu alikuwa ameelezwa kwa upole kuliko nilivyowahi kumwona ameelezwa. Jumamosi mama akapiga kutoka Tanga. Shikamoo, marahaba, hamjambo, hatujambo, haya nisomee hiyo karatasi ya mjukuu wangu. Nikaanza kumtafsiria Sehemu F, ambayo ndiyo inayosema msaada gani atapewa.

"Babu atakuwa na fursa ya kupata msaada wa mtu mzima mara kwa mara."

"Mara kwa mara ndiyo mara ngapi?"

"Haijasema, mama."

"Mtu mzima gani?"

"Haijasema."

"Endelea."

"Atafaidika na kazi za vikundi vidogo pale inapofaa."

"Inapofaa kwa nani?"

Mama yangu aliuza samaki wa kukaanga soko la Mgandini miaka ishirini na kitu. Hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini alikuwa na daftari la wakopaji, na katika daftari lile mtu alikuwa na jina, idadi ya samaki na siku ya kulipa. Akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema: mwanangu, mtu akija akaniambia atanilipa mara kwa mara, mie simpi samaki.

Nilishtuka kwa sababu kazi yangu mwenyewe ni mipango. Kila mzee niliye naye usiku ana mpango wake wa huduma, na hakuna hata mmoja ulioandikwa "atageuzwa mara kwa mara". Umeandikwa: ageuzwe kila baada ya saa mbili, na wafanyakazi wawili, waweke sahihi na saa. Nikichelewa dakika kumi naandika kwa nini nimechelewa. Mzee wa miaka tisini, kugeuzwa kwake ni deni ninalodaiwa kwa saa. Msaada wa mwanangu, kurasa kumi na tisa, ulikuwa hauna saa, idadi wala jina la kazi ya mtu. Kwa Kiingereza sikuuona mwanya ule. Kile Kiingereza cha ofisini kina namna ya kukupaka mafuta. Kilipovuliwa nguo zake kikavalishwa Kiswahili cha kumsomea mama, kikabaki mifupa.

Na uzito wote wa sheria umelalia hapo. Kifungu cha 42 kinaiambia halmashauri kwamba lazima ihakikishe mtoto anapewa msaada ulioandikwa kwenye mpango. Haina ruhusa ya kusema bajeti imeisha. Lakini inawajibika kwa kilichoandikwa tu. Kikiandikwa "fursa", umedaiwa fursa, na fursa ni kitu ambacho mtu anaweza kusema alikupa ukakikosa mwenyewe. Majaji walishalisema zamani, katika kesi ya mwaka 1998 iliyohusu ile hati ya kabla ya EHCP: msaada uelezwe kwa umahususi kiasi kwamba pasiwe na shaka juu ya kilichoamuliwa.

Nikakaa na rasimu wiki nzima, usiku wa zamu, wazee wakiwa wamelala. Kila nilipokuta "fursa", "inapofaa", "hadi saa kadhaa", "atafaidika", niliandika pembeni maswali ya mama: nani, mara ngapi, dakika ngapi, wapi, nani atahakikisha? Tatizo lililofuata lilikuwa kwamba mengine hata ripoti za wataalamu hazikuyasema, na mpango hauwezi kubeba namba ambayo haina mtaalamu nyuma yake. Ripoti ya mtaalamu wa usemi ilisema "vipindi vya kawaida". Nikamwandikia kwa heshima nikamuuliza, kwa ujuzi wako, kawaida ni dakika ngapi kwa mtoto huyu? Baada ya siku mbili akajibu: dakika 30 kila wiki ana kwa ana, na saa moja kila nusu muhula ya kumfundisha msaidizi wake. Kumbe alikuwa nayo kichwani muda wote. Hakuna aliyemuuliza.

Jambo jingine nililoling'ang'ania linaonekana dogo. Tiba ya usemi waliiweka Sehemu G, ya afya. Nikaomba ihamishiwe F. Sababu yake ni kwamba kitu cha afya kinachomfundisha mtoto kinahesabiwa kisheria kuwa elimu, na mawasiliano kwa kawaida yanaingia humo. Kikiwa F, baraza la rufaa linaweza kuiamuru halmashauri. Kikiwa G, baraza linaishia kupendekeza. Walihamisha bila ubishi wowote, na hilo lilinifanya nijiulize ni wazazi wangapi hawakuomba.

Mpango uliosainiwa ulifika Januari. Sheria inataka safari nzima, tangu ombi mpaka mpango wa mwisho, isizidi wiki 20. Yetu ilichukua miezi kumi na moja. Hatukuwa peke yetu: mwaka 2024 mipango mipya iliyotoka ndani ya wiki 20 haikufika nusu. Rufaa hatukuhitaji tena, ingawa ningekwenda, maana zile zinazofikia hukumu, wazazi hushinda kwa sehemu kubwa au ndogo katika kesi zaidi ya 95 kwa kila 100. Takwimu hiyo watu huisoma kama habari njema. Mimi naiona ya kusikitisha, kwa sababu inaonyesha ni hapana ngapi ambazo hazikupaswa kuandikwa, na ni nani wanaozikubali: wenye zamu mbili, wasiosoma maandishi madogo, wanaokunja barua na kuiweka chini ya godoro.

Sehemu F ya Babu sasa inasema hivi, nikiitafsiri kwa namna mama alivyoikubali. Msaidizi aliyefunzwa mawasiliano ya picha atakuwa naye saa 25 kwa wiki, ukiwemo muda wa chakula. Atatoka darasani dakika tano kabla ya kengele na kula mahali patulivu pasipozidi watoto sita. Mtaalamu wa usemi, dakika 30 kila wiki za muhula. Na huu ndio mstari niliopigania mpaka mwisho: kila mfanyakazi anayemhudumia ataonyeshwa orodha ya maneno yake ya Kiswahili kabla ya kuanza kazi, na atajua kwamba "basi" maana yake imetosha, na kwamba likisemwa, Babu hutolewa mahali alipo.

Hakukuwa na muujiza. Wiki sita za kwanza mtaalamu wa usemi hakuja, nafasi yake ilikuwa wazi. Safari hii sikwenda kunywa chai shuleni. Niliandika barua ya mistari minane kwa halmashauri, kwa sababu deni ni lao, shule ni mahali tu linapolipiwa. Nikataja kifungu cha 42, nikanakili sentensi ya dakika 30, nikauliza kitaanza lini na wiki sita zitafidiwa vipi. Wakaajiri mtu wa nje. Vipindi vilivyopotea vikalipwa baada ya Pasaka. Laiti ningekuwa na "vipindi vya kawaida", ningeuliza nini?

Watu wa nyumbani wananiuliza kwenye kundi la WhatsApp kama mpango huu unaponya. Hauponyi. Babu ana miaka tisa sasa, jibu la usonji lilikuja mwaka mzima baada ya mpango, na maneno yake yamefika kama mia mbili, ya Kiingereza na Kiswahili yakiwa yamechanganyika kama pilau. Bado kuna siku za kulia sakafuni. Kuna binamu yangu Dar mwenye mtoto wa namna hii, anayempeleka kwenye shule yenye kitengo, na walimu wa pale wana moyo kuliko wengi niliowaona huku. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ipo, na haki ya kusoma imo. Ninachomtakia binamu yangu ni karatasi moja yenye jina la mwanawe ndani yake, ili yule mwalimu mwema akihamishwa kwenda Singida, atakayekuja ajue.

Kila mwaka mpango unapitiwa upya kwenye kikao. Mwaka jana walitaka kuandika "msaada unaoendana na hali" badala ya zile saa 25, kwamba amekua. Nikawauliza swali la mama. Wakaacha saa zilivyo.

Septemba msaidizi wake alipandishwa cheo akaondoka, na mahali pake akaja kijana wa hapa hapa, hajawahi kukutana na yeyote kati ya waliomjua Babu mdogo. Nilikwenda naye shule siku ya kwanza tumbo likiniuma kama Januari ile. Kijana alikuwa getini na kurasa mkononi, amezipigia mistari ya njano. Akamsalimia mtoto kwanza, mimi baadaye. Jioni nikafungua daftari jekundu. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa za mtu asiyeizoea lugha: "BASI" mara mbili leo. Mara zote tulitoka.